Wimbo Asiousikia Mpiga Gitaa

Mpiga gitaa aliujua mdomo wa msichana kuliko alivyoijua sauti yake. Alijua unavyofunguka kwenye irabu ndefu, unavyojikunja upande mmoja anapotaka kucheka katikati ya ubeti, na unavyobaki wazi kidogo wimbo ukiisha, kama wa mtu aliyesahau alichotaka kuomba. Lakini sauti yenyewe, pale walipokuwa wakiimba pamoja mbele ya watu, hakuisikia hata chembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao.

Sheria ilizaliwa na ubovu wa mtandao. Yeye alikaa chumbani kwake na gitaa. Msichana alikaa kwao, ng'ambo ya soko, na kipaza sauti. Mlio wa gitaa ulisafiri hadi kwenye kompyuta ya msichana, msichana akaimba juu yake, na vyote viwili vikarushwa mubashara kutoka kwake vikiwa vimeshikana barabara. Watazamaji walisikia kitu kimoja. Ila sauti ya msichana, ikirudi kwa mpiga gitaa, ilifika imechelewa. Kila alipojaribu kuifuata vidole vilisita, wimbo ukayumba, wote wawili wakaonekana walevi. Basi akaizima upande wake. Alibaki na picha tu kwenye simu, akapiga kama mtu aliye peke yake duniani, akiamini tu kwamba wa upande wa pili yumo.

"Usinisikilize," msichana alimwambia kila walipotaka kuanza, mahali ambapo wengine hutakiana heri. "Ukinisikiliza umeniua."

Watazamaji waliwapa majina. Kwa kuwa kwenye kona ya picha ulionekana mkono wake tu juu ya nyuzi, yeye walimwita Mkono. Msichana walimwita Chiriku, maana baina ya nyimbo hakujua kufunga kinywa: alitania, alisalimia watu na shemeji zao, alisimulia vituko vya watoto wa chekechea aliowafundisha. Majina yakawaganda. Hata wenyewe, walipokutana Jumamosi kwenye benchi la nyuma ya maktaba, waliitana hivyo hivyo.

Nyumbani kwa Chiriku, Mkono hakuwahi kukanyaga. Mama mtu alikwisha kutoa kauli, na kauli ilimfikia Mkono bila kupunguzwa hata neno: "Mwenye gitaa asinivukie kizingiti. Mwanangu anashinda akipasua koo na watoto wa watu, sitaki wa kuja kumpasulia lililobaki."

Jumapili ile alasiri Chiriku alitokea kwenye picha akiwa amejifunga mtandio shingoni, na kulikuwa na joto la kuyeyusha mshumaa. Hakutania mtu. Hakusalimia shemeji ya mtu. Watazamaji walipouliza kulikoni, alitabasamu, akainua kidole kumpa Mkono ishara ya kuanza.

Mkono alifikiri ni haya. Wimbo ulikuwa mpya, ameutunga yeye, na kila neno lilikuwa kwa ajili ya Chiriku. Alikuwa ameukeshea, ameupima, ameurudia mpaka ukasimama wima, na aliringa nao kimoyomoyo kama baba anayemtembeza mtoto wake wa kwanza. Alitaka dunia isikie. Zaidi ya dunia, alitaka Chiriku ayaseme maneno yale kwa kinywa chake, yawe yake pia:

*Nikiitwa siitiki, mpaka uite wewe,*
*Taa yangu haiwaki, mpaka uwashe wewe,*
*Kwingine sipumziki, mpaka uwepo wewe.*

Akaangalia mdomo ukifunguka. Ukafunguka vizuri. Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukaingia, na Mkono akaanza kupamba, vidole vikipanda na kushuka, mwili umemchemka. Maoni yakaanza kumiminika chini ya picha. Siku zote yalimiminika hivyo anapopamba. Hakuyasoma; alipopiga, macho yake hayakubanduka kwenye ule mdomo. Akaongeza nguvu.

Kisha Chiriku akapeleka mkono shingoni.

Aliutoa. Akaurudisha. Mdomo uliendelea kufunguka na kufumba, lakini mishipa ya shingo ilikuwa imetoka juu ya mtandio, na macho yalikuwa yamemkazia Mkono kwa namna ambayo hakuwahi kuiona. Hayakuwa macho ya mapenzi. Yalikuwa macho ya mtu anayevuka daraja bovu, asiyetaka kutazama chini. Halafu chozi likateremka, moja, halikufutwa.

Kwa mara ya kwanza Mkono alishusha macho kwenye maoni.

"Mkono acha."

"Mkono wewe kiziwi?"

"Jamani mwambieni asimame, huyu dada anaumia."

"MKONO SIMAMA."

Alinyoosha kidole akafungua sauti.

Hakukuwa na wimbo. Kulikuwa na mkwaruzo mkavu, kama kitambaa kinachochanwa polepole, na katikati ya mkwaruzo kulikuwa na maneno yake mwenyewe, yale aliyokesha nayo, yakipita bila sauti ndani. *Mpaka uwepo wewe.* Kisha hata mkwaruzo ukakatika, ikabaki pumzi.

Mkono aliondoa vidole kwenye nyuzi.

Kwenye picha Chiriku aliendelea kuimba kimya kitambo kidogo, kwa sababu ukimya wa gitaa ulikuwa bado njiani. Ulipomfikia alifunga mdomo. Akaweka viganja vyote viwili shingoni, akageuka kuutazama mlango uliokuwa nyuma yake. Mtu aliingia, mwanamume, akapita mbele ya kamera, na picha ikazimika.

* * *

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, na tena, amesimama katikati ya chumba na gitaa likiwa bado limemning'inia shingoni. Mwisho ikapokelewa.

"Chiriku?"

"Ni kaka yake." Sauti ilikuwa ya mtu anayefanya kazi nyingine huku akiongea, zipu ya begi ilisikika. "Wewe ndiye Mkono?"

"Ndiyo. Yukoje? Amepatwa na nini?"

"Usipige tena, bwana. Hawezi kuongea."

"Hawezi kwa kuwa hataki, au hawezi?"

Zipu ikasimama. "Ina maana hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Basi," alisema kaka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. "Basi alituficha wote." Akakata.

Mkono hakukumbuka alivyotoka. Alijikuta barabarani amevaa kandambili, akipita katikati ya wauza nguo waliokuwa wakikunja meza zao, akigongana na watu, akisema samahani bila kuwatazama. Kazi yake ilikuwa ufundi wa friji. Mtaa mzima ulimjua kwa kisanduku cha spana na kwa maringo. Mwuza viatu mmoja alimpigia kelele, "Fundi, leo mbio hivyo, friji ya nani imezaa?" Hakugeuka. Moyo ulimwenda mbio kuliko miguu. Alilijua geti lile. Mara nyingi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akilitazama, akajifanya anasubiri mtu. Lilikuwa la bati la kijani, na ndani yake palikuwa na gari dogo limefunguliwa buti.

Akabisha mlango. Ukafunguliwa kabla hajashusha ngumi.

Mama mtu alikuwa mfupi, ana futi ya fundi cherehani imemning'inia shingoni na pini kadhaa zimechomekwa kwenye kifua cha gauni. Alimtazama kuanzia kandambili mpaka utosini, akamrudisha tena chini.

"Shikamoo, mama."

"Kwa hiyo wewe ndiye Mkono," alisema mama. "Nilidhani una mwili mkubwa zaidi. Kwa madhara uliyofanya, nilitarajia jitu."

"Mama, naomba nimwone."

"Umemwona. Dunia nzima imemwona. Mimi nilikuwa dukani napinda mashati ya shule, jirani akaja na simu, akaniambia njoo umtazame mwanao anavyokufa huku wanapiga muziki. Nimekimbia na nguo ya mtu mkononi."

"Sikujua kama anaumwa."

"Kazi yako ni nini, kijana? Acha hilo gitaa. Kazi."

"Fundi wa friji, mama."

"Fundi wa friji." Alitikisa kichwa taratibu. "Friji ikiharibika unaijuaje?"

Mkono alijua anapopelekwa, na hakuwa na njia ya kukwepa. "Nasikiliza mota."

"Unasikiliza mota. Chuma kikilia vibaya unakisikia, unakizima kisiungue. Mwanangu analia vibaya mbele yako, unaongeza kasi."

"Sikuwa namsikia, mama. Naapa. Tukirusha huwa naizima sauti yake, kwa sababu inachelewa..."

"Unampigia mtu asiimbe peke yake, halafu humsikii?"

"Ndivyo tunavyofanya. Yeye mwenyewe ndiye..."

"Basi heri angeimba peke yake," alisema mama. "Angalau angechoka akanyamaza. Yule alikuwa hawezi kunyamaza kwa sababu wewe ulikuwa hujanyamaza."

Hilo lilimwingia. Lilimwingia mahali ambapo siku zote palikuwa na jibu kali tayari limenolewa, maana Mkono hakuwa mtu wa kusemwa akainama. Safari hii aliinama.

"Mama, mwache aingie." Kaka alitokea ukumbini na begi la nguo. Alikuwa bado na koti lake jeupe la duka la dawa, limefungwa kifungo kisicho chake. "Daktari amesema twende sasa hivi. Si wakati wa ugomvi."

"Aingie afanye nini? Apige wimbo?"

"Aelezwe, mama. Hajui kitu."

Mama hakusema ndiyo. Alisogea tu kutoka mlangoni, akaenda kupanga kitu kilichokuwa tayari kimepangwa.

Ukumbi ulijaa mashati meupe ya watoto, yamekunjwa mafungu mafungu juu ya viti. Kaka aliyasogeza akamwonyesha Mkono pa kukaa, Mkono hakukaa.

"Ana uvimbe," alisema kaka kwa sauti ya chini. "Kwenye nyuzi za sauti. Mdogo tu. Alikuwa apasuliwe wiki hii. Aliambiwa asiimbe kabisa, asipige kelele, hata kunong'ona apunguze. Kazini tulimwombea ruhusa. Mama alidhani amelala chumbani."

"Ni uvimbe wa nini?"

"Wakiutoa ndipo watajua."

"Watajua nini?"

Kaka alimtazama, kisha akatazama mgongo wa mama yake, akatikisa kichwa kidogo sana. Neno lile halikutajwa. Lilikuwa limekaa pale kwenye kochi, katikati ya mashati, na kila mtu alikuwa akilizunguka asiliguse.

"Ni kitu kidogo," kaka alisema kwa sauti ya kusikika. "Wanafanya kila siku."

"Hakuna cha kuogopa," alisema mama bila kugeuka.

"Na leo?"

"Leo inaonekana mshipa umepasuka. Damu imevuja ndani. Ndiyo maana sauti imekatika ghafla. Daktari anataka kuona kabla haijawa mbaya zaidi. Huenda wakamfanyia kesho asubuhi."

"Na sauti itarudi?"

"Itarudi sauti," alisema kaka. "Kama ile au nyingine, hilo hakuna anayeahidi."

Mlango wa chumbani ulifunguka, na Chiriku akasimama kizingitini.

Walitazamana. Kwa muda wote wa mapenzi yao Mkono alikuwa amemzoea Chiriku anayeanza kuongea kabla hajafika, anayeimaliza sentensi ya mwenzake na kuanza nyingine. Huyu aliyesimama pale alikuwa ni Chiriku bila kelele yake, na alionekana mdogo, kama nyumba iliyohamwa. Mtandio ulikuwa umefunguliwa. Shingo haikuwa na alama yoyote. Hilo ndilo lililomtisha Mkono kuliko yote, kwamba shingo ilikuwa nzuri vilevile.

Chiriku akafungua mdomo.

"Thubutu," alisema mama. "Hata herufi moja."

Akaufunga. Akachukua simu yake, akaandika haraka, akamnyooshea Mkono. Mkono akasoma kwa sauti, maana hakutaka mama adhani kuna siri tena katika nyumba ile.

"'Usimsikilize mama. Kosa si lako.'"

"Ona," alisema mama. "Hata bila sauti ananijibu."

Lakini Mkono alikuwa amewaka. Hofu ilipozidi iligeuka kuwa moto, ndivyo alivyoumbwa. "Kwa nini hukuniambia? Jana tumekaa kwenye benchi tangu adhuhuri mpaka jua likazama. Ulikuwa kimya, nikakuuliza, ukasema umechoka na watoto. Ulinitazama machoni ukanidanganya, Chiriku."

Chiriku aliandika. "'Ningekuambia, ungekataa kupiga.'"

"Ningekataa, ndiyo. Ningekataa na gitaa ningelivunja."

"'Ndiyo maana.'"

"Ndiyo maana nini? Wimbo? Nyimbo zitakuwepo. Ningeutunga mwingine, ningetunga mia. Nani alikuambia wimbo wangu una thamani ya koo lako?"

Safari hii alichukua muda kuandika. Kidole kilifuta, kikaandika, kikafuta. Alipomnyooshea simu, Mkono alianza kusoma kwa sauti akashindwa katikati.

"'Nilitaka niuimbe mara moja nikiwa bado mimi. Kesho sijui nitaamka na sauti ya nani. Nilitaka uwe...'"

Kaka alikohoa. Mama alikuwa ameacha kupanga.

"Twendeni," alisema mama. Sauti yake ilikuwa imepungua makali, lakini haikuwa imefunguka. "Kijana, umemwona, umesikia. Nenda nyumbani. Akipona atakutafuta mwenyewe. Wewe una maneno mengi mazuri, nimeyasikia kwenye simu ya jirani. Maneno mazuri hayamsaidii mgonjwa. Na mtu anayependa sauti, sauti ikiondoka na yeye huondoka. Bora uondoke leo, tulilie yote mawili kwa pamoja."

"Mama, hunijui."

"Sikujui. Nimekuzuia makusudi nisikujue."

Chiriku alikwenda akasimama kati yao. Akamgeukia Mkono, akaandika mara moja, bila kufuta, kama mtu aliyekuwa na maneno hayo kwa siku nyingi.

"'Nikitoka huko siwezi kuimba tena, utakuja?'"

Sasa, mtu aliyejifundisha mwenyewe kutunga, aliyeweza kuushusha ubeti mzima akiwa ameinamia friji ya watu, hakosi la kumjibu mwanamke katika saa kama ile. Yalimjia. Yalimjia yamepangwa, yana vina, matamu kama asali: kwamba angekuja hata kama njia ni ya miiba, kwamba ukimya wake ungekuwa muziki. Yalifika mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama Chiriku, akaona jinsi alivyokuwa akiusubiri mdomo wake, jinsi alivyokuwa akiukazia macho, na yale maneno yote yakamnyaukia.

"Naogopa," alisema.

Kaka aliinua kichwa.

"Nitakuja. Hilo sina shaka nalo, nitakuja hata mama akiweka mbwa getini. Lakini naogopa, Chiriku. Naogopa nitakaa mbele yako nikiitafuta ile sauti, na wewe utaniona ninavyoitafuta. Nitajikaza, nitacheka, na bado utaniona, kwa sababu wewe huwezi kufichwa kitu. Naogopa kukuumiza kwa hilo. Na naogopa hicho watakachokikuta." Akawageukia mama na kaka. "Nasikia hapa mnasema ni kitu kidogo, hakuna cha kuogopa. Mimi mwenzenu nimeogopa mpaka nimekuja na kandambili. Sijui maneno mengine."

"Koma," alisema mama. "Koma kabisa. Mtoto anakwenda hospitali, unamwambia habari za kuogopa?"

Lakini Chiriku alikuwa ameanza kutikisika mabega. Alilia kama anavyolia mtu aliyekatazwa sauti, mdomo wazi, bila mlio wowote, na ilitisha kumtazama. Alimwegemea Mkono kifuani, pale pale mbele ya mama yake na kaka yake, akashika shati lake kwa ngumi mbili. Mkono hakuthubutu kumkumbatia. Aliacha mikono imening'inia, macho kwa mama, kama mwizi aliyekamatwa na kitu ambacho hakukiiba.

Baada ya muda Chiriku alijitoa, akaandika. Hakumpa Mkono. Alimpelekea mama yake.

Mama aliisogeza simu mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza tena. "Sina miwani," alisema. "Nisomee wewe."

Kaka aliisoma. "'Mama, na mimi naogopa. Naogopa tangu siku ya kwanza. Kila nikitaka kukuambia unaniambia hakuna cha kuogopa.'"

Mashine ya cherehani ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa. Mama alikwenda akaketi kwenye stuli yake, mahali alipokuwa amezoea kukaa maisha yake yote, akaishika ile futi iliyokuwa shingoni na kuivuta pande mbili kwa nguvu.

"Baba yako alikwenda hospitali nikamwambia hivyo hivyo," alisema. Hakuwa akimwambia mtu fulani. "Hakuna cha kuogopa, baba watoto. Akaitikia, haya. Mimi huko nyuma usingizi siupati, na yeye nadhani hakuupata. Tukalala kila mtu anamdanganya mwenzake." Akafuta uso kwa kiganja, haraka, kama anayeondoa uzi. "Naogopa, mwanangu. Naogopa mpaka leo nimekata shati la mtu mkono mmoja mfupi."

Chiriku alipiga magoti akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Nje, honi ya mwuza maji ilipita, ikafifia.

"Haya," kaka alisema hatimaye. "Daktari anasubiri."

* * *

Gari lilikuwa dogo, na kiti cha mbele kilijazwa begi na blanketi. Kaka alishika usukani. Mama aliingia nyuma, Chiriku akafuata, na Mkono akabaki amesimama getini na kandambili zake, akishika chuma cha geti ili alifunge wakishatoka. Hakuwa ameambiwa aje. Hakuomba. Kiburi chake chote kilikuwa kimebaki mahali fulani barabarani, na hakuwa na hamu ya kukirudia.

Kaka aliwasha gari. Mlango wa nyuma haukufungwa. Chiriku alikuwa ameuzuia kwa mguu.

"Fungeni mlango," alisema kaka.

Mama alimtazama binti yake, akautazama mguu ule, akashusha pumzi. Akajisogeza mpaka ukutani mwa gari.

"Ingia basi, kijana. Petroli inaungua."

Mkono akaingia.

"Masharti," alisema mama kabla hajakaa sawasawa. "Kuanzia sasa usiongee. Huyu namjua, akisikia mtu anaongea lazima ajibu."

"Sawa, mama."

"Umeanza."

Chiriku alicheka kwa pua, hewa tu, na mama akampiga kofi dogo la pajani. Barabara ilikuwa na mashimo na kaka aliyakwepa moja moja. Mkono alihesabu taa za barabarani akapoteza hesabu. Bega la Chiriku lilikuwa limebanana na lake, na kila gari lilipotikisika alihisi pumzi yake ikikatika na kurudi, na kila ilipokatika yeye pia aliishikilia ya kwake mpaka irudi.

Hospitali ilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu. Muuguzi mmoja mwenye kalamu sikioni aliwapokea kwenye ujia, akauliza jina, akauliza umri, kaka akajibu yote. Alimwangalia Chiriku, akamwambia afungue mdomo, akaangaza kwa kitochi kidogo. Akakizima. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na Mkono alijikuta anamchukia kwa hilo, kisha anamsihi kimoyomoyo aendelee hivyo hivyo, asibadilike.

"Mgonjwa abadilishe nguo," alisema muuguzi. "Aingie na mmoja. Wanaume wabaki hapa. Kaka, wewe nenda kwa daktari, ana maswali. Vito, saa, simu, viatu, viachwe nje."

Chiriku alivua hereni akampa kaka yake. Alivua saa. Alisimama kwa mguu mmoja akavua kiatu, akayumba, mama akamshika. Simu aliishikilia hadi mwisho, akaandika kitu, akakitazama, akakifuta. Akampa kaka simu bila kuonyesha mtu.

Halafu akamtazama Mkono, na mdomo wake, ule aliouzoea, ukafanya jambo ambalo hakuwahi kuuona ukifanya. Haukufunguka. Ulitetemeka tu kwenye pembe zote mbili, ukajikaza, ukatetemeka tena.

"Nipo," Mkono alisema. Sharti alilisahau.

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kaka akaelekea kwa daktari, na muuguzi akausukuma mlango.

Mama alikuwa amekwisha kumshika binti yake mkono, nusu ya mwili wake ndani, aliposimama. Akageuka. Aliokota viatu vya Chiriku sakafuni, akavikung'uta vumbi kimoja kwa kingine, akarudi hatua chache hadi alipokuwa Mkono.

"Shika," alisema.

Mkono akavipokea.

"Usiviweke chini, sakafu hii ni chafu. Na usiende popote." Midomo yake ilikuwa mikavu. Alimtazama moja kwa moja, na macho yake yalikuwa yale yale ya binti yake katikati ya wimbo. "Umenisikia, mwanangu? Usiondoke hapa hata kama nitakawia kutoka."

"Siondoki, mama."

Mlango ulijifunga nyuma yao taratibu, kwa springi, bila mlio. Mkono aliketi kwenye benchi akaviweka viatu mapajani. Ndani vilikuwa bado na joto. Akavifunika kwa viganja vyote viwili ili lisitoke, akaukazia macho ule mlango.